Kanela Alifunga Pamoja Nasi

Mwezi uliopita niliingia kwenye lifti ya jengo letu nikiwa na mfuko wa vitunguu, nikamkuta dada mmoja amekumbatia sanduku la plastiki lenye matundu. Kabla mlango haujajifunga, harufu ikanifikia: tamu, nzito, kama asali iliyomwagika kwenye blanketi la sufu likaachwa mvuani. Sikuhitaji kuchungulia kwenye yale matundu. Nilishuka ghorofa ya tatu ilhali naishi ya saba, nikasimama kwenye ngazi kama mtu aliyefumaniwa akiiba. Wanaonifahamu husema nafikiri kupita kiasi, na ni kweli. Huweza kulala na neno moja la salamu nikiligeuzageuza hadi alfajiri. Lakini pale kwenye ngazi sikufikiri chochote. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimepiga magoti kwenye udongo mwekundu wa Troyeville, Johannesburg, nikitega sikio nisikie kengele ndogo chini ya ardhi.

Niwaambie ninyi, basi. Yule niliyepaswa kumwambia sijamwambia.

Tulikuwa tumepanga chumba cha uani, mimi na Mama, nyuma ya nyumba ya Bibi Zuhura. Mama alisuka nywele mjini, na Baba alikuwa amebaki Bukavu ili atufuate baadaye, na hiyo baadaye ilikuwa imeshatimiza miaka minne. Bibi Zuhura alikuwa mtu wa Morogoro. Aliolewa huko na mwanaume wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni enzi za mapambano, akaja naye uhuru ulipopatikana, na mume alipofariki alimwachia nyumba kuukuu yenye sakafu ya mbao, iliyojengwa kwenye mteremko. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Chetu kilikuwa na makunyanzi. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, neno ambalo kwetu hatulitumii, na Mama alisimama mlangoni kuhakikisha nimelitamka, kwa kuwa chumba kile kilikuwa na dirisha, na bomba la maji lilikuwa hatua tatu tu kutoka mlangoni, na shule yangu ilikuwa dakika sita kwa miguu. Kabla ya hapo tulikuwa tumehama mara tano. Mama alikuwa amesema wazi kwamba mara ya sita itammaliza.

Sungura walikuwa wa Mama. "Kwetu Walungu," alizoea kusema, "nyumba bila sungura ni nyumba inayongoja mgeni aje aiaibishe." Mwaka 2015 alipewa watatu na mama mmoja wa kanisani, akawajengea kibanda cha mbao na waya nyuma ya chumba. Mwisho wa mwaka huo ikapiga mvua ya mawe, yale mawe ya Johannesburg yanayotoboa mabati, na tulipotoka kitandani kibanda kilikuwa vipande na sungura hawapo. Tulidhani wameliwa na paka. Kumbe walikuwa wamechimba chini ya msingi, wakaingia chini kabisa ya chumba cha kulia chakula cha Bibi Zuhura, na huko wakafanya kile ambacho sungura hufanya. Kufikia baridi ya mwaka uliofuata, mteremko wote ulikuwa na mashimo, na ukutani mwa Bibi palikuwa na ufa uliopanda kama mshipa kwenye shavu la mtu mwenye hasira.

Siku alipotuita kuuona, Bibi hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha.

"Hivi wewe Mama Nsimire, ulikuja kupanga chumba, au ulikuja kufungua ranchi chini ya meza yangu?"

"Mama, tusamehe. Si sisi tuliwatuma."

"Sungura hawatumwi, najua. Ila na mimi sitaki kuangukiwa na nyumba yangu nikiwa nakula wali. Jumatatu ya mwisho wa mwezi fundi anakuja kumwaga zege. Siku hiyo nikisikia mmoja, mmoja tu, anakwaruza huko chini, mtanisamehe na ninyi. Chumba nitakihitaji."

Mama akasema asante. Hata leo sijui alikuwa akishukuru nini.

Aliyetupa tumaini alikuwa jirani wa upande wa pili wa ukuta, Mzee Abilio, Mreno mwenye mgongo uliopinda na kofia ya sufu ambayo hata Desemba hakuivua. Ujana wake aliupitishia Pemba, kaskazini mwa Msumbiji, akiuza misumari na mafuta ya taa, na Kiswahili alichookota huko kilimbaki mdomoni kama meno ya mwisho: kililegea, lakini bado alikitafunia. Mzee huyu alifuga kicheche. Si wale wa porini wenye milia wanaonusisha mtaa mzima, bali wa kufugwa, jike, mrefu na mwembamba kama soksi iliyojazwa mchele, mwenye harufu ile ile ya kwenye lifti. Alikuwa na rangi ya mdalasini, na jina lake, Kanela, ndilo mdalasini kwa Kireno. Zamani walikuwa wawili. Mwenzake alikufa mwaka mmoja na mke wa mzee, na tangu hapo Kanela alilala jikoni kwa mzee, ndani ya kiatu cha marehemu.

"Sungura?" alisema mzee, Mama alipomweleza shida yetu, na uso wake wote ukafunguka. "Mimi toto dogo, babu yangu peleka mimi mlimani, sungura hamsini! Mama, wewe hapana lia. Kanela fanya kazi."

Na Kanela alifanya kazi. Likizo ya Julai ilipoanza nikawa msaidizi wa mzee. Tulihesabu mashimo, yalikuwa kumi na matano, na juu ya kila moja ya yale kumi na manne ya kwanza tukategesha kifuko cha wavu kwa kigingi. Kisha kimya. Mzee hakuruhusu hata kukohoa, maana sungura akisikia mtu juu huona bora afie ndani. Alimvisha Kanela kengele ndogo shingoni, akambusu kichwani bila aibu, akamwachia kwenye shimo la kumi na tano, na mkia ule ukamezwa na giza. Kengele ikalia mbali, ikazama, ikapotea. Halafu ardhi yenyewe ikapiga: du, du, miguu ya sungura ikionyana huko chini. Ndipo ghafla wavu mmoja ukaruka kama kitu kilichopigwa teke, na ndani yake furushi la manyoya likigaagaa.

Siku ile ya kwanza tulitoa kumi na mmoja. Mama aliwagawa kanisani, mmoja akampelekea Bibi Zuhura ameshapikwa na nyanya, na Bibi akala huku akisema, "Adui mtamu huyu." Juma lililofuata tulitoa watano. Sijawahi kuwa mtoto mwenye furaha kama majuma yale mawili, na nadhani nilijua, kwa sababu usiku nilikuwa nikijiuliza itaishaje.

Akabaki mmoja. Alikuwa jike mkubwa wa kijivu mwenye sikio lililochanika, yule yule wa kibandani, mama wa wote. Kila alfajiri tulimwona akinywa maji yaliyodondoka bombani, na Bibi Zuhura naye alimwona kupitia dirishani. Mzee alipanga tumtoe Jumamosi, siku mbili kabla ya zege.

Jumapili kabla ya Jumamosi hiyo tulikuwa kanisani, ghorofa ya pili ya jengo la zamani mjini, ambako viti vya plastiki vilipangwa mahali palipokuwa duka la vitambaa. Mchungaji alihubiri juu ya mji uliohukumiwa kuangamia, ukapona kwa sababu mfalme aliamuru wote wafunge, wakubwa kwa wadogo, na mifugo yao pia isionje kitu. "Hata ng'ombe!" alipaza sauti. "Hata mbuzi! Ninyi mnaobakiza kijiko kwa siri, Mungu hakioni?" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza ni nani nyumbani kwetu anayebakiza kijiko.

Mama alitangaza maombi ya siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi jioni, ili tusihamishwe. Mimi kama mtoto niliruhusiwa kula saa tisa alasiri. Alhamisi hiyo hiyo, saa kumi, binti yake Mzee Abilio alikuja kumchukua ampeleke akafanyiwe upasuaji wa jicho, arudi Jumamosi asubuhi. Mzee aliniletea Kanela ndani ya sanduku lake la mbao, pamoja na bakuli la shingo za kuku.

"Nusu, menina," aliniambia. Menina ni msichana. "Jioni nusu, asubuhi nusu. Kicheche shiba, lala juu. Kicheche njaa, lala chini. Wewe pa yeye nusu."

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa neno nusu tu.

Nilikaa mbele ya lile sanduku jioni ile nikiwa na shingo ya kuku mkononi. Kanela alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, pua yake ya waridi kwenye waya. Nami nikafikiri, kwa namna ile ile ninayofikiri mpaka leo, jambo moja likivuta lingine kama uzi wa sweta. Kanela sasa yuko katika nyumba yetu. Nyumba yetu inafunga. Wanyama wa mji ule hawakupewa saa tisa. Walinyimwa hata maji. Na huyu si mnyama wa kawaida, huyu ndiye atakayeifanya kazi yenyewe tunayoiombea. Nikimlisha, Mama atakuwa amekaa na njaa bure, na tukihama itakuwa kwa sababu ya shingo ya kuku. Nikazifunga shingo zote kwenye gazeti, nikazitupa kwenye pipa la barabarani ili nisije nikashawishika. Maji niliyaondoa, nikalia, nikayarudisha, nikamwomba Mungu asiyahesabu.

Ijumaa saa tisa nilikula ugali na sombe, yale majani ya muhogo, nikiwa nimemgeuzia mgongo. Alikuwa akikwaruza mbao. Yeye hakuwa na saa tisa.

Jumamosi mzee alirudi na jicho la kushoto limefunikwa kwa pamba nyeupe. Binti yake alisimama kwenye geti akimkumbusha kwa sauti kwamba daktari amekataza kuinama, amekataza vumbi, amekataza kunyanyua chochote. "Sawa, sawa," alijibu mzee, na gari lilipopinda kona tu akapiga magoti. Akamtoa Kanela, akampima kiganjani.

"Mwepesi," alisema. "Menina, pa yeye nusu?"

"Nilimpa nusu."

"Asubuhi?"

"Nusu."

Akanitazama kwa lile jicho moja. Kisha akamvisha kengele.

Kengele ikalia, ikazama. Mama alikuwa ameketi mlangoni, midomo imekauka, akisogeza vidole kama anayehesabu. Bibi Zuhura alikuja na kiti chake aone mwisho. Ardhi ikapiga mara moja, kwa nguvu, mahali fulani chini ya chumba cha kulia. Tukangoja wavu uruke. Ukasikika mlio mmoja mwembamba ambao sungura huutoa mara moja tu maishani, halafu hakuna. Wala kengele.

Mzee akanong'ona, akiiambia ardhi zaidi kuliko sisi: "Kamata yeye ndani. Kula. Sasa lala. Tumbo jaa, manyoya moto. Kesho, labda. Labda hapana." Ndipo maneno yake ya Alhamisi yaliponiingia, yote, kama maji baridi yanayomiminwa mgongoni polepole. Kicheche mwenye njaa hamfukuzi sungura kwa ajili ya mtu. Humla, hujikunja pale pale, na hana sababu ya kurudi juu.

Tulijaribu kila kitu. Mzee alilala kifudifudi kwenye baridi ile, shavu kwenye udongo, akiita kwa sauti ya midomo. Aliweka kile kiatu cha mkewe mdomoni mwa shimo. Alichimba kwa mikono mpaka akafika kwenye jiwe la msingi. Jumapili akalala tena kifudifudi, pamba ya jicho ikiwa nyekundu kwa vumbi, hadi binti yake alipokuja akamnyanyua makwapani kama mtoto, huku akitufokea sisi wote kwa Kireno. Mimi nilisimama karibu na bomba. Nilikuwa na sentensi kamili mdomoni. Ilikuwa fupi. Kila nilipoifungua midomo, niliutazama uso wa Mama, nikaimeza.

Jumatatu fundi alikuja na mashine ya zege. Mzee alimwomba Bibi Zuhura siku moja.

"Siku moja, Mama. Yeye bibi mzee, kama wewe, kama mimi. Toka polepole."

"Baba Abilio, siku moja ya fundi naijua mimi," alisema Bibi, lakini akaitoa. Jumanne jioni kengele ilikuwa bado haijasikika, na Jumatano zege likamwagwa. Lilikuwa la kijivu, zito, likaingia mashimoni bila haraka. Nilihesabu mashimo kumi na matano yakifungwa, moja moja.

Juma moja baadaye harufu ikaanza kupanda kupitia mbao za sakafu. Bibi alichoma ubani, akamwaga dawa, akafungua madirisha kwenye baridi. Mwishowe akaja mlangoni kwetu akiwa amefunga kanga puani.

"Mama Nsimire, mimi si mtu mbaya. Lakini nashindwa kula nyumbani kwangu. Nilisema nikisikia anakwaruza. Sasa huyu hakwaruzi, amenihamia hadi kwenye wali. Mwisho wa mwezi."

Mzee Abilio alisikia kutoka upande wake. Akajikokota hadi getini, jicho limevimba chini ya bandeji mpya, akamwambia Bibi kwamba kosa ni lake, kwamba alimlisha Kanela vibaya, kwamba mwanamke huyu na mtoto wake hawana hatia. Alipofika kwenye neno mtoto, hakunitazama. Nikajua kwamba anajua. Bibi alimsikiliza kwa heshima, halafu akasema, "Pole sana, Baba," na uamuzi ukabaki pale pale.

Usiku Mama alikunja mashuka yetu kwenye boksi. Kisha akaketi kitandani.

"Ni miye," alisema. "Siku ya pili ya maombi kichwa kiliniuma sana pale saluni. Nikakunywa chai. Chai na sukari, Nsimire. Kikombe kizima."

"Mama, si hivyo."

"Nyamaza. Wewe mtoto, unajua nini? Mungu aliona kile kikombe."

Hapo ndipo mahali pangu. Hapo, katika kimya kilichofuata, ambacho hakikuzidi pumzi tano, palikuwa na nafasi ya kutosha kwa ile sentensi fupi. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa naogopa, na kulikuwa na kitu kibaya zaidi ambacho nimechukua miaka kukikiri: nilipata nafuu. Kulikuwa na mtu mwingine wa kubeba.

Tulihamia mjini, kwenye chumba kilichogawanywa kwa mbao nyembamba katika jengo ambalo maji yalipanda kwa ndoo. Shule ikawa dakika hamsini. Mara ya sita haikummaliza Mama kama alivyoapa. Ilimfanya mwepesi. Alianza kufunga siku saba, kisha kumi na nne, bila maji kabla ya magharibi, na hospitali walipomwambia ana vidonda vya tumbo alitikisa kichwa kama mtu anayeletewa habari anazozijua. Mzee Abilio nilimwona mara moja tu baada ya hapo, nilipopita mtaani kwake nikiwa kidato cha kwanza. Alikuwa ameketi uani na miwani nyeusi, binti yake akimpakia vitu garini. Jicho halikupona. Nilisimama upande wa pili wa barabara. Angenijua kwa sauti, kwa hiyo sikusalimu.

Utotoni niliamini nimeadhibiwa kwa kuwa funga yangu ilikuwa na kasoro, pengine yale maji. Baadaye, nikiwa chuoni, nikaamini kosa lilikuwa la ujinga, na ujinga wa mtoto husamehewa. Niliitegemea imani hiyo kwa muda. Ninachokielewa sasa hakinipi pa kuegemea. Kanela hakufanya kosa lolote. Alikuwa na njaa akala. Mama naye hakukosa alipokunywa chai. Hata ule uongo wangu wa nusu ulikuwa hofu ya mtoto. Katika ua ule mzima hapakuwa na aliyekosa hadi zile pumzi tano, na nilikuwa na umri wa kutosha kuzihesabu.

Mwaka jana, siku ya mahafali yangu, tulikuwa tumeketi kwenye nyasi mbele ya ukumbi, mimi na joho la kukodi, Mama na kitenge kipya kilichompwaya mabegani. Alikuwa na furaha. Nikaona kama si siku hiyo, basi hakuna siku.

"Mama," nilisema, "unamkumbuka Kanela? Ile Jumamosi..."

Akanishika mkono haraka, macho yamejaa machozi.

"Najua unachotaka kusema, mtoto wangu. Ulikuwa mdogo, ukateseka juu yangu. Kila mwaka nafunga juu ya kile kikombe. Leo ninapokuona umevaa hivi, naona pengine Mungu ameanza kunisamehe."

Akanifuta kola ya joho kwa ncha ya kitenge, ingawa haikuwa na kitu. Mpiga picha alikuwa akituita. Nikamsaidia kusimama, na alikuwa mwepesi.